Mkate Usioonjwa

Asubuhi ile Fundi alikuwa anakanda unga wa Meza ya Bwana, mikono imezama karibu na viwiko. Bakuli kubwa la bati lilikuwa limekaa pale pale kwenye meza anayokatia vitambaa siku nyingine, na chaki, futi na mkasi alikuwa ameviweka juu ya kabati, visije vikaangukia kwenye kitu cha Mungu. Sukuma kwa kiganja, kunja, geuza, sukuma tena. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, marehemu, aliyekuwa akisimama nyuma yake na kumwambia, mwanangu, unga si adui yako, usiupige ngumi. Unga, hamira, maji ya vuguvugu, mafuta kidogo. Chumvi hapana.

Chumvi haikuwa kazi yake. Kanisani kwao mkate wa Meza haukandwi na kuokwa na mtu mmoja. Nyumba moja inakanda bila chumvi, nyumba nyingine inatia chumvi na kuoka. Waliopanga hivyo ni akina mama wa kwanza, enzi hizo wanasalia kwenye stoo ya mtu, ili asitokee mwanamke wa kusema mkate huu ni wangu. Halafu wakaona majivuno hayaishi, wakaongeza jingine: mkate wa Meza hauonjwi. Anayekanda haonji, anayeoka haonji. Wataonja wote pamoja, Jumapili, Mchungaji akishaumega. Mama mkwe alikuwa na neno lake juu ya hilo. Kama unamwamini mwenzako, alikuwa anauliza, unaonja nini?

Mwenzake Fundi alikuwa wifi yake, dada wa mume wake, mwenye duka la mikate mtaa wa pili na tanuri la matofali nyuma ya duka. Mtaa mzima unamwita Mama Tanuri. Fundi alikuwa anamwita Wifi, zamani, walipokuwa bado wanaitana.

Hawajasemezana tangu msiba. Mama mkwe aliugulia nyumbani kwa Fundi, na Fundi ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko mpaka mgongo wake mwenyewe ukaanza kumuuma. Siku yenyewe ilipofika, alikuwa chumba cha mbele anamalizia gauni la bibi harusi, na mwenye gauni amekaa kwenye kiti anatazama saa. Alipoingia ndani na kikombe cha maji akakuta mgonjwa ameshaondoka. Basi. Msibani, watu wamejaa uani, Wifi akasimama akasema, "Mama yangu amekufa peke yake, cherehani inalia chumba cha pili." Na Fundi hakujibu neno, kwa sababu ungejibu nini? Cherehani ilikuwa inalia kweli.

Tangu hapo kazi ya Meza haikusimama, ila ilipata mpagazi. Mume wa Fundi ni fundi baiskeli, watu wamemwita Spana mpaka hata mwenyewe amesahau jina la kwenye cheti. Kila Jumamosi alilifunga bakuli kwenye keria, akalifunika kwa kitambaa cheupe, akaenda nalo kwa dada yake akipiga mluzi. Na kila Jumamosi alirudi na salamu. Wifi yako anasema asante. Wifi yako anasema unga umekandika. Wifi yako anauliza mgongo unaendeleaje. Fundi alikuwa anaitikia "haya" bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, lakini salamu ni salamu, hata ukizipokea kwa mgongo zinaingia. Kwa miezi hiyo kitu fulani kifuani kwake kilikuwa kimeanza kulegea, kama uzi uliokazwa mno.

Unga ulikuwa karibu kuwa laini, ndipo akaingia Redio.

Redio ni mteja wake wa siku zote. Sketi zake hazina shida yoyote, anazileta kupunguzwa pindo ili apate kiti cha kukaa na mtu wa kumsikiliza. Alikaa, akavua kiatu kimoja, akasema yeye si mtu wa maneno, na hapo Fundi akajua maneno yanakuja. Jana alikuwa dukani kwa Mama Tanuri. Watu wamesimama wanangoja mikate. Mtu mmoja akausifu mkate wa kanisani. Na Mama Tanuri, Redio alisema, akacheka mpaka akashika mbavu, akawaambia isingekuwa chumvi yake huo mkate ungekuwa kama mwenye kuukanda, umepoa na hauna ladha.

"Watu walicheka?" Fundi aliuliza.

"Kidogo tu," Redio alisema. "Mimi sikucheka. Nilitabasamu."

Redio akaacha sketi, akaenda kutangaza kwingine. Fundi akabaki na unga. Sukuma, kunja, geuza. Alikuwa mpole tangu utoto, wa kuulizwa mara mbili ndipo ajibu mara moja, na watu wa namna hiyo hasira yao haina mlango, inazunguka ndani kama nyuki kwenye chupa. Umepoa na hauna ladha. Miezi yote hii anatumiwa salamu za asali, kumbe huko dukani anafanywa kichekesho cha kusindikizia mikate.

Kopo la chumvi lilikuwa rafuni. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Alichota konzi, akamwaga. Akachota nyingine. Kisha akakanda, akakanda vizuri kuliko siku zote, mpaka hakuna punje inayosikika kwenye vidole. Wifi atatia na yake, kama kawaida. Hataonja, kama kawaida. Kesho kanisa zima litajua kwamba mkono wa Mama Tanuri umeharibika, na hakuna atakayejua zaidi ya hapo.

Spana aliingia akiwa ameshika kamba ya kufungia. Alilitazama bakuli, akamtazama mkewe, akauliza kama yuko salama maana uso umebadilika. Fundi akasema ni joto. Alimwona analifunga bakuli, analikaza, anapitisha mkono juu ya kitambaa kama mtu anayemfunika mtoto. Neno "subiri" lilifika mpaka kwenye meno. Mluzi ukaanza, ukaenda, ukapotelea kwenye kona.

Alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, kazi ya kufanya huku umelala, lakini shati la kwanza akashona mkono wa kulia upande wa kushoto, akafumua. La pili sindano ikavunjika. Aliokota kipande cha sindano sakafuni na mawazo yakamwingilia humo humo alikoinama: si Wifi peke yake atakayekula ule mkate. Mchungaji atakula. Mabibi wasio na meno watakula. Watoto waliobatizwa juzi watakula kwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo ladha watakayoikumbuka. Alikuwa amemlenga mtu mmoja na kitu cha watu wote.

Spana aliporudi na kumwambia wifi yako anasema ubarikiwe mikono, Fundi alikuwa ameshavaa kandambili. Alimwambia anakwenda kununua sindano. Hakwenda kununua sindano.

Dukani kwa Mama Tanuri hapakuwa na mteja wakati ule. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na joto la tanuri lilimpokea kabla ya mwenyewe. Wifi alikuwa amejifunga kanga kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi, anafuta meza. Pembeni, juu ya ubao, mkate wa Meza ulikuwa umeshaviringishwa, umelala chini ya kitambaa chake, unasubiri kupanda.

Walitazamana. Zamani wangekuwa wameshacheka.

"Karibu," Wifi alisema, kwa sauti ambayo Fundi hakuitegemea. Ilikuwa sauti ya chini, kama ya mtu anayemkaribisha mgeni aliyechelewa sana kufika.

Fundi akasema amefuata bakuli.

Bakuli lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa, linakauka. Wifi alilichukua lakini hakumpa. Alilishika kifuani, akawa analifuta mahali palipokuwa pakavu tayari. Kisha akasema kwamba zile salamu za kila Jumamosi huwa zinamfikia. Kwamba yeye ulimi wake hauna breki, Mungu anajua, hata jana hapa dukani umeropoka upuuzi akajichukia usiku. Kwamba kaka yake alipomwambia kwamba Fundi amemsamehe yale ya msibani, alifunga duka mapema siku hiyo, akakaa huku nyuma na mlango amefunga.

"Sijawahi kukujibu vizuri," alisema. "Nilikuwa natafuta namna."

Fundi alihisi sakafu imeinama. Salamu gani? Amemsamehe lini? Hajawahi kutuma salamu hata moja. Kinywa kilifunguka, na kilichokuwa kinataka kutoka kilikuwa ni chumvi, Wifi, usiupeleke motoni, nimetia chumvi. Lakini Wifi alikuwa amegeukia ubao, ameinua pembe ya kitambaa, amekunja uso wa kikazi.

"Hebu niambie. Leo unga umezembea kupanda. Nimeshatia chumvi yangu, nimekanda tena, na muda wake umepita, lakini angalia ulivyonuna. Hamira ilikuwa nzima?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Unga mwingine ungekandwa, mchana bado mrefu, wangekanda wote wawili palepale. Ilikuwa ni kusema tu. Lakini angesema mbele ya macho yale yaliyokuwa yanamtazama kwa mara ya kwanza tangu msiba kama macho ya ndugu, na aone yanavyojifunga.

"Labda ni baridi," Fundi alisema.

"Baridi," Wifi alisema, akiwa na jasho kidevuni. Hakubishana. Akampa bakuli.

Njiani bakuli lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa na unga. Alimkuta Spana uani amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu. Akamuuliza, bila kukaa, ni maneno gani hasa dada yake alimtuma leo asubuhi. Neno kwa neno. Gurudumu likazunguka weee, likasimama.

Spana si mwongo mzuri. Alianza na kikohozi. Kisha akasema mke wangu, kaa kwanza. Kisha, alipoona hakai, akasema yote: dada yake hajawahi kumtuma neno, na yeye Fundi hajawahi kumtuma neno, na yeye Spana alikuwa anakwenda na bakuli na kurudi na mdomo mtupu, nyumba mbili zimenuna, katikati yeye. Wiki ya kwanza akatia salamu moja ndogo, kama mtu anavyotia tone la mafuta kwenye mnyororo uliokauka. Mnyororo ukalainika. Wiki ya pili akatia mbili.

"Na msamaha?" Fundi aliuliza. "Ulinisamehea wewe?"

"Nilijua utasamehe tu," Spana alisema. "Nikaona nitangulie kidogo."

Siku nyingine angemcheka. Alimuuliza kama katika salamu zote hizo hakukuwa na hata moja ya kweli. Spana akafikiri, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema ipo moja, tena ile hakuwahi kuifikisha kama salamu. Mwanzoni kabisa, alipomwambia dada yake kwamba Fundi mgongo unamuuma kwa sababu ya kumbeba mama, dada yake aliingia ndani bila neno akatoka na mto. Ule wa kukalia, wa kitambaa cha kahawia.

"Si ulisema umeununua?"

"Ungejua umetoka kwake ungeutupa barabarani."

Ni kweli angeutupa. Fundi aliingia ndani akasimama mbele ya kiti cha cherehani, akautazama mto wa kahawia kama mtu anayeutazama mguu wake mwenyewe ukitembea bila yeye. Ameukalia miezi yote. Mgongo umepona juu yake.

Akachukua simu. Akaandika Wifi, akafuta. Akaandika usioke, akafuta. Wakati huo huo harufu ilifika, ya mkate, ikipita juu ya mapaa kutoka mtaa wa pili, nzuri kama harufu za siku zote, maana chumvi hainuki. Ulikuwa umeshaingia motoni. Alijiambia labda safari hii Wifi alitia kidogo. Alijiambia moto hupunguza. Mambo ambayo mtu aliyelelewa jikoni hawezi kuyaamini, aliyaamini mpaka akalala.

Jumapili kanisa lilijaa. Ni jengo la kawaida tu, madawati ya mbao, dari la mabati linalotoa mlio jua likipanda, meza moja mbele yenye kitambaa alichokishona Fundi mwenyewe. Wifi aliuleta mkate mikononi, kama ilivyo kazi ya mwokaji, akauweka mezani, akaenda kukaa dawati la mbele. Alipopita karibu na Fundi alimgusa bega. Mguso mdogo, wa vidole viwili. Fundi aliuhisi mpaka mwisho wa mahubiri.

Mchungaji wao hapendi maneno mengi. Alisema kanisa lao limesimama juu ya kitu kimoja, nacho ni upendo, na upendo kama msingi wowote hauna wa kuusifia, maana hakuna mgeni anayeingia nyumba ya watu akasema jamani msingi wenu mzuri. Lakini siku ukipasuka, alisema, hata upake ukuta rangi gani, milango itaanza kukwama, na mtagombana na fundi wa milango bure. Fundi alishika ukingo wa dawati. Akamwomba Mungu jambo la kitoto: kwamba mkate uanguke sakafuni.

Haukuanguka. Mchungaji akaushukuria, akaumega, akala.

Taya lilisimama. Kwa muda mdogo sana, wa mtu aliyeng'ata ulimi. Halafu akameza, akaendelea kumega na kugawa kwa uso ule ule, dawati baada ya dawati. Kikohozi kikaanza upande wa kushoto. Bibi mmoja akafumba macho yote mawili. Watu walikuwa wanatafuna polepole kama wanaofikiria jambo, hakuna anayemtazama mwenzake, mpaka katoto kamoja kakasema kwa sauti ya wazi, "Mama, wamemwaga chumvi."

Ndipo wakatazama wote, na wote walitazama sehemu moja.

Wifi alikuwa ameng'ata kipande chake. Fundi alimwona kwa ubavu: mshangao kwanza, halafu hesabu, ule mkono wa kulia ukikunjuka mapajani na kupima konzi ambayo haipo. Alikuwa mwanamke ambaye angeweza kumjibu hata askari wa barabarani, na kanisa zima likajiweka tayari kwa jibu. Alisimama.

"Mnisamehe," alisema. "Sijui nimefanyaje. Mkono umenipotea."

Akasimama hivyo hivyo, mikono mbele, mkate wake umebaki kwenye dawati na alama ya meno. Hakutafuta wa kumtupia lawama. Hakusema unga umetoka kwa nani.

Fundi hakuwahi kusema neno kanisani zaidi ya amina. Magoti yalimsimamisha, yeye mwenyewe hakuhusika. Aliona vichwa vinageuka, akaona Redio ameweka mkono mdomoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo mpaka walio nyuma wakainama mbele kuisikia.

"Si mkono wake. Chumvi ya kwanza nilitia mimi. Makusudi."

Dari likalia, tik, kwa jua. Wifi aligeuka taratibu.

"Jana ulikuja. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema baridi."

"Nilisema baridi, Wifi."

Hilo lilimpiga Wifi, ila lilikuwa la kumeza. Watu waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba walimwona anakaribia kukaa. Lakini fikra nyingine ilikuwa imeshamfikia, na ilimfikia usoni kabla ya mdomoni.

"Na salamu?" aliuliza. "Zile za kila Jumamosi. Kwamba umenisamehe."

Fundi alimtazama. Kulikuwa na uongo mmoja tayari umebaki, mwepisi, wa huruma, na ungetosha kumkalisha. Hakuutumia. Akageuka, akamtafuta mume wake kwa macho. Nyuma kabisa, kwenye dawati la wanaume, Spana alikuwa amenyanyuka nusu, kofia imekunjwa mikononi.

"Dada, salamu nilitunga mimi. Zote. Huku na huku."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei. Akachukua mkoba wake. Hakukimbia, hakubamiza mlango, aliufunga hata ule ubao wa chini unaogoma, kwa kuuinua kidogo kama wanavyojua wenyeji. Ukasikika mchanga nje chini ya viatu vyake, kisha haukusikika.

Nusu ya mkate ilikuwa bado mezani. Kanisani kwao mkate wa Meza haubaki, unaisha siku hiyo hiyo, kila mara wanaurudia mpaka umalizike, na watoto huwa wanagombania hiyo zamu ya pili. Siku hiyo hakuna mtoto aliyesogea. Mchungaji aliutazama. Aliketi kwenye ngazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamega kipande kikubwa, akala huku machozi yanamlenga kwa ukali wa chumvi.

"Ni wetu," alisema akishameza. "Tutaumaliza."

Wa kwanza kwenda alikuwa Redio. Alichukua kipande kama ngumi, akakitafuna amesimama, na kama kile kilichokuwa kinamtiririka shavuni kilikuwa cha mkate au cha moyo hakuna aliyeuliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Akafuata bibi asiye na meno, akafuata mzee wa kwaya, wakaja dawati kwa dawati. Hakuna aliyemwambia Fundi neno baya, na hakuna aliyemwambia neno zuri. Walikula tu kile alichowafanyia. Afadhali wangempiga. Yeye alikwenda mpaka dawati la mbele, akakiokota kile kipande chenye alama ya meno, akakila. Kilikuwa kikali mpaka masikio yakamziba, naye akakitafuna mpaka mwisho.

Kikombe cha Meza Mchungaji hakukigusa. Alikifunika kwa kitambaa, akasema hicho hawatakinywa wakiwa pungufu. Wataimba, watakwenda nyumbani, na kikombe kitasubiri.

Mchana mtaa ulikuwa umelala kwa joto. Duka la Mama Tanuri lilikuwa limefungwa, bomba la tanuri halitoi kitu. Fundi alikuwa amekwenda mara moja, akabisha hodi mlango wa nyuma, akasikia kiti kinasogea ndani. Mlango haukufunguliwa. Akarudi, akaketi kwenye kiti cha cherehani, juu ya mto wa kahawia, bila kushona.

Spana alisimama mlangoni muda mrefu akiichezea kofia. Akauliza kwa sauti ya chini kama amtolee baiskeli, apeleke salamu.

"Wewe umestaafu," Fundi alimwambia.

Alichukua simu. Hakuwa mtu wa kuandika, vidole vyake vimezoea uzi, na kila neno alilitazama kabla ya kwenda kwa lingine. Mara hii hakufuta.

"Wifi. Hizi ni salamu zangu mwenyewe, hazijapita kwa mtu. Nilitia chumvi kwa hasira, halafu nikakudanganya mlangoni, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Siku ya mama cherehani ilikuwa inalia kweli. Mpaka leo naisikia. Sikukusamehe zamani kama ulivyoambiwa, nimekusamehe leo, uliposimama. Asante kwa mto. Kikombe hatujanywa, tunakungoja. Jumamosi nitakanda bila chumvi na bakuli nitalileta mimi."

Akatuma. Tiki moja, kisha ya pili. Baada ya muda tiki zote mbili zikageuka rangi, maana yake huko ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu ameisoma. Fundi akakaa wima. Juu ya kioo pakatokea kwamba Wifi anaandika. Pakafutika. Pakatokea tena, pakafutika.

Jua likahama kutoka kwenye cherehani likaenda ukutani. Simu alikuwa ameilaza mezani, kioo juu, mahali pale pale linapokaa bakuli Jumamosi, na haikulia.